Maswali ya Wasomaji: Kahawa ya Kigoma, kutoka gunia hadi pakiti

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaokaanga kahawa, wanaoiuza, au wanaofikiria kuanza: Mwanga, Kasulu, Kibirizi, Ujiji, na moja kutoka Tabora. Wengi wameyagawa maswali yao mafungu mawili, la ubora na la mazingira. Sisi tumeyajibu pamoja, kwa sababu kikaangoni hayatengani. Matunda mabivu kilo 6 hivi hutoa kilo moja ya buni safi, yaani punje mbichi zilizokobolewa, na kilo hiyo ikikaangwa hubaki gramu 850 au pungufu. Kwa hiyo kila kilo ya kahawa inayoungua, inayovunda stoo au inayorudishwa na mteja ni kilo 7 za matunda yaliyochumwa moja moja kwa mkono, pamoja na maji yaliyoyaosha na moto uliowashwa. Anayeziba tundu hilo la hasara ameshafanya sehemu kubwa ya kazi zote mbili.

Sisi ni kikundi cha akina mama tisa. Tunataka kukaanga kahawa ya kijiji cha Kalinzi na kuiuza kwenye pakiti za gramu 250. Tumeletewa sampuli mbili: moja ya kijani inayoelekea bluu, nyingine imefifia na bei yake ni nafuu. Tutajuaje iliyo nzuri kabla ya kutoa pesa? (Kikundi, Mwanga, Kigoma Mjini)

Akina mama, hongereni kwa kuuliza kabla ya kulipa. Anzeni na namna sampuli yenyewe ilivyochukuliwa. Konzi iliyochotwa juu ya gunia moja haisemi lolote kuhusu magunia kumi. Ombeni ichotwe kwenye kila gunia, juu, katikati na chini, ichanganywe, kisha mpime gramu 300 kwa mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

Imwageni kwenye karatasi nyeupe, mchana, karibu na dirisha. Tengeni punje nyeusi, punje za kahawia zilizochacha, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na zile ambazo bado zina ganda. Pimeni kila fungu. Ikiwa kasoro zote kwa pamoja hazizidi gramu 9, yaani asilimia 3, mnaweza kuichambua wenyewe kwa mkono na bado mkapata faida. Lakini nyeusi na zilizochacha tunazihesabu kwa ukali zaidi. Zikifika tano au sita kwenye sampuli hiyo, iacheni hata kama bei inavutia. Punje iliyochacha mara nyingi inatokana na matunda yaliyolala kwenye mfuko usiku kucha kabla ya kumenywa, au kahawa iliyovundikwa kupita muda wake. Ladha ya siki haiondoki kwa kukaanga, na anayezidisha moto ili kuificha hupata siki yenye masizi.

Unyevu nao upimwe kwa mashine. Buni safi inatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ikizidi 12.5 huanza kuota ukungu gunini, na kuna ukungu unaoacha sumu ambayo moto wa kukaangia hauimalizi. Ikishuka chini ya 9 huwa kavu mno na kuungua ncha upesi. Kuna wanaopima kwa kung'ata punje. Jino linaweza kukwambia kuwa kahawa ni mbichi mno, ila haliwezi kutofautisha 11 na 13, na tofauti hiyo ndiyo inayoozesha kahawa stoo. Chama cha msingi au kiwanda cha kukoboa huwa na kipima unyevu. Ombeni mpimiwe mbele yenu.

Sasa zile sampuli mbili. Rangi ya kijani yenye ubluu ni dalili nzuri ya kahawa iliyooshwa, ikakaushwa taratibu na haijakaa muda mrefu. Iliyofifia ikawa kama majani makavu huenda ni ya msimu uliopita, au ilikaushwa kwa pupa juani, au ililoa tena baada ya kukauka. Ndani ya kikombe hutoa ladha ya mbao na karatasi. Ingizeni pua kwenye mfuko: harufu ya nyasi mbichi ni sawa, harufu ya gunia, mafuta ya taa au udongo uliolowa si sawa.

Mwisho mkaange gramu 150 za kila sampuli, rangi ya kahawia ya wastani, mziache hadi kesho yake, kisha mwonje. Tumieni bakuli la mililita 200: gramu 11 za kahawa iliyosagwa kiasi, maji yaliyotoka kuchemka yakapumzika dakika moja, mngoje dakika 4, mvunje utando wa juu kwa kijiko huku mkinusa, mwondoe povu, mwonje ikiwa ya moto na tena ikiwa vuguvugu. Kahawa yenye kasoro hujificha ikiwa ya moto na hujitokeza ikipoa, kwa hiyo msiharakishe. Andaeni bakuli tano za kila sampuli, na kila bakuli lisagiwe peke yake. Sababu ya kusaga mbalimbali tumeieleza kwenye jibu la barua ya Kibirizi hapa chini.

Swali ambalo hamkuuliza: huyo aliyewaletea sampuli ana karatasi gani? Kahawa ya wakulima wadogo hapa nchini hupitia vyama vya msingi vya ushirika, na biashara yake inasimamiwa na Bodi ya Kahawa yenye makao makuu Moshi. Kukaanga nako kunahitaji leseni ya Bodi. Usajili wa jengo la chakula na bidhaa yenyewe, tangu 2019, uko Shirika la Viwango, TBS. Kahawa isiyo na jina la chama, kijiji wala tarehe hamtaweza kumweleza mteja ilikotoka, na mara nyingi imepatikana kwa kumlipa mkulima sehemu ndogo ya thamani ikiwa bado maua mtini, ule mtindo ambao Kagera wanauita butura. Msiuingize kwenye pakiti yenu. Nendeni kwenye vyama vya Kalinzi moja kwa moja, au kwenye muungano wao wa Kanyovu, mwulize utaratibu wa kununua buni safi kwa ajili ya kukaanga.

Nina mashine ya gesi ya kilo 5. Kahawa inatoka nyeusi nje na ina madoa ya kuungua, lakini ukiinywa ina uchungu na ladha ya nyasi kwa pamoja. Nimejaribu kupunguza muda, imezidi kuwa mbaya. (Mkaangaji, Kasulu)

Ndugu, kata punje tano kwa wembe. Ukikuta ukingo mweusi na moyo wa rangi ya mchanga, moto umekwenda kasi kuliko kahawa inavyoweza kuupokea: ngozi imeungua kabla joto halijafika ndani. Kupunguza muda kunaacha moyo ukiwa mbichi zaidi, ndiyo maana hali imekuwa mbaya.

Mzani utakuthibitishia. Kahawa ikikaangwa wastani hupoteza asilimia 14 hadi 16 ya uzito: kilo 4 huingia, kilo 3.4 hivi hutoka. Iliyoiva sana hupoteza 18 hadi 20. Ukiona rangi ya nje ni ya kahawa iliyoiva sana, na mzani unasoma kilo 3.52, yaani upungufu wa asilimia 12 tu, maji bado yamo ndani. Macho yamedanganywa na ngozi. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na tunashangaa ni wakaangaji wachache kiasi gani wanaopima kahawa inapotoka.

Jaribu hivi. Washa mashine kwa moto mdogo dakika 25 hadi 30 ili chuma cha pipa kipate joto lote, si hewa ya ndani peke yake. Mashine ya kilo 5 itie kilo 4, usijaze. Mimina kahawa kipimajoto kikisoma nyuzi 190 za Selsiasi, na dakika ya kwanza gesi iwe nusu. Kipimajoto kitaporomoka hadi 90 au 100 ndani ya dakika moja na nusu. Wengi hapa hushtuka na kufungulia gesi yote, na madoa ya kuungua huanzia hapo. Kushuka huko ni kwa kawaida, kwa sababu kipimajoto chenye moto kinakutana na buni baridi. Baada ya kugeuka na kuanza kupanda ndipo uongeze gesi.

Dakika ya 5 hivi, kwenye nyuzi 150 na kitu, kahawa iwe ya manjano, na harufu ibadilike kutoka nyasi kavu kuwa mkate unaookwa. Chota kwa kijiko cha sampuli: ikiwa manjano yamepatana punje zote, unakwenda vizuri, ikiwa nyingine zina kahawia na nyingine kijani, umemimina ukubwa tofauti au pipa linazunguka polepole mno. Chekecha kahawa kabla ya kukaanga, kubwa na ndogo zikaangwe mbali mbali.

Nyuzi zikikaribia 185 punguza gesi kwa robo. Kati ya 195 na 200, dakika ya 9 hivi, utasikia mlio wa kwanza, kama bisi lakini mkavu zaidi. Mvuke uliobanwa ndani ya punje unapasua njia. Kuanzia mlio huo hesabu dakika moja na nusu hadi mbili, kisha mwaga, kipimajoto kikiwa 208 hadi 214. Ukingoja zaidi hadi 225 hivi utasikia mlio wa pili, mwembamba, kama vijiti vidogo vinavyovunjika, na mafuta huanza kutokeza juu. Nambari hizi zitatofautiana kidogo na za mashine yako, kwa kuwa kila kipimajoto kimechomekwa mahali pake. Mlio, rangi na mzani ndivyo vya kufuata, nyuzi uzilinganishe navyo.

Feni ya kupozea iwashwe kabla hujamwaga. Ndani ya dakika 4 kahawa iwe imepoa kiasi cha kushikika. Ikikaa na joto lake kwenye ndoo inaendelea kujikaanga, na asubuhi utakuta kitu kingine kabisa.

Jambo moja la kuchunguza: je, mzunguko wa kwanza wa siku, yaani kahawa ya kwanza kukaangwa, huwa afadhali, na wa pili hadi wa tano ndio unaoungua? Kama ndivyo, chuma kimezidi joto hata kama hewa inasoma 190. Baada ya kumwaga, zima gesi, acha ishuke hadi 170, washa moto mdogo irudi 190, ndipo umimine tena. Na kila mzunguko uandike: uzito ulioingia, nyuzi za kumimina, dakika ya manjano, dakika na nyuzi za mlio, dakika ya kumwaga, uzito uliotoka. Ni mstari mmoja wa daftari. Bila huo, mzunguko mzuri ukipatikana leo hutaweza kuurudia kesho.

Wateja wangu wawili walisema kahawa ina harufu ya kiazi kibichi. Siku hiyo hiyo wengine walikunywa wakasifu. Kahawa ni moja, mashine ni moja. Nani kakosea? (Mwenye mgahawa, Kibirizi)

Dada, mgahawani hakuna aliyekosea, wala wateja hawakukusingizia. Harufu hiyo inajulikana sana kwenye kahawa ya ukanda huu wa Maziwa Makuu, hasa Rwanda na Burundi, na milima yetu ya Kigoma ni jirani yao. Inahusishwa na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni anayetoboa tunda changa na kulifyonza. Kidonda hicho hufungua njia ya vijidudu, na punje hujijaza kemikali yenye harufu ya kiazi mviringo kilichotoka kumenywa. Kiasi kidogo mno kinatosha pua kukinasa.

Ugumu wake ni kwamba punje yenye kiazi haina alama ya uhakika. Huwezi kuitoa yote kwa macho ikiwa mbichi, na ikiwa imekaangwa huioni kabisa. Harufu hutoka inaposagwa. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, na kikombe cha jirani kikawa salama.

Kwa hiyo mgahawani usisage kilo nzima asubuhi. Punje moja mbovu ikisagwa na kilo nzima, umeigawia kilo nzima. Saga dozi ya oda moja, gramu 15 au 20, uinuse kabla ya kumwaga maji. Ukisikia kiazi, tupa dozi hiyo, saga punje kumi hivi za kusafishia kinu, nazo uzitupe, kisha saga upya. Hasara haizidi gramu 25, badala ya mteja.

Anayekaanga na kusaga kwa wingi kazi yake ni ngumu zaidi, na dawa iko nyuma, shambani na kwenye mtambo wa kumenya. Matunda yamwagwe kwenye maji kabla ya kumenywa. Yaliyoshambuliwa mengi huwa mepesi na huelea, yaondolewe. Yanayozama nayo yachambuliwe, mekundu tu. Kahawa ya maganda, iliyomenywa lakini haijakobolewa, ikiwa bado imelowa mezani ichambuliwe tena, wakati madoa yanaonekana vizuri. Mkulima apogoe mibuni ili jua na hewa viingie ndani, kwa kuwa antestia hupenda kichaka kilichosongamana. Kampuni inayokaanga ikitaka kazi hizi zifanyike lazima izilipie. Kuchambua mezani ni siku nzima za watu, mara nyingi akina mama, na bei ya kahawa ya kawaida haiwahesabu.

Nauza kahawa chungu kwa dele, birika la kahawa. Kampuni moja inanibembeleza ninunue kahawa yao ya "ubora wa juu". Niliijaribu, wazee barazani wakasema ni maji ya uchachu. Wana haki? (Muuza kahawa, Ujiji)

Wazee wana haki, na kahawa nayo huenda ilikuwa nzuri. Ilikaangwa kwa ajili ya kikombe kingine. Arabika, aina ya kahawa inayolimwa Kalinzi, ikiondolewa motoni mara baada ya mlio wa kwanza hubaki na uchachu wa matunda, ambao kwenye kikombe kidogo cha kahawa chungu, kando ya kashata, hauna kazi. Iambie kampuni ikukaangie hadi mwanzo wa mlio wa pili na iishie hapo, punje ing'ae kidogo bila kulowa mafuta. Ikienda mbali zaidi unanunua mkaa: uzito umepotea na ladha ya Kalinzi imepotea nayo. Wengine huchanganya robusta ya Kagera, yenye uchungu mzito na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Hilo si kosa, mradi mnunuzi aambiwe.

Upande wako, angalia dele. Gramu 60 hadi 70 kwa lita moja, zilizosagwa kiasi, si unga wa vumbi. Hapa kando ya ziwa tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kidogo, nayo yanatosha. Tia kahawa, iache ichemke polepole dakika 5, tangawizi iingie dakika ya mwisho, kisha mkaa wa kwenye jiko dogo la chini ya dele ufunike kwa majivu. Kahawa inayotokota tangu adhuhuri hadi magharibi huwa kali ya kukwaruza koo, hata ingekuwa imetoka shamba gani. Pika dele mbili ndogo, usipike moja kubwa.

Naagiza kahawa iliyokaangwa Kigoma, inakuja kwa treni. Mara mbili pakiti zimefika zimevimba, moja imepasuka. Nyingine ilikuwa na harufu ya dagaa. Pia nataka kuanza kuhifadhi buni mbichi hapa ili nikaange mwenyewe. (Mwenye duka, Tabora)

Kaka, pakiti kuvimba maana yake kahawa ilifungwa siku ile ile ilipokaangwa. Ikitoka motoni huendelea kutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, nyingi zaidi saa 24 za mwanzo. Mkaangaji aiache kwenye pipa safi lenye kifuniko kisichobana kwa siku moja hadi mbili, au atumie pakiti zenye kitundu cha kutolea hewa ambacho hakiruhusu hewa ya nje kuingia. Wanaotoboa pakiti kwa sindano wanatatua uvimbe na kualika uchakavu: hewa inayoingia humaliza harufu ndani ya wiki chache. Ndani ya pakiti nzuri, punje nzima hubaki na ladha yake miezi miwili hadi mitatu. Iliyosagwa ikishafunguliwa, wiki mbili ni nyingi. Agiza mara nyingi na kidogo kidogo, na uombe tarehe ya kukaangwa iandikwe.

Dagaa ni jambo tunalolisikia sana kwenye reli ya Kigoma. Kahawa, mbichi kwa iliyokaangwa, hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu, na behewa moja hubeba dagaa, mawese na kila kitu. Gunia la katani au la nailoni haliizuii. Weka pakiti zako ndani ya ndoo ya plastiki mpya yenye kifuniko cha kubana, ambayo haijawahi kubeba mafuta, uzungushie utepe wa gundi. Magunia ya buni mbichi yatiwe ndani mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia mahindi usiopitisha hewa, ufungwe kwa kusokota na kukunja shingo.

Mfuko huo huo utakufaa stoo, hasa mvua za Novemba hadi Aprili. Sharti ni moja: buni iingie ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 12, la sivyo umefungia maji ndani. Pandisha magunia juu ya chaga za mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na nusu mita kutoka ukutani, mbali na sabuni, mafuta na tumbaku. Hapo Tabora tumbaku ndiyo ya kuangalia kwanza. Stoo iliyowahi kuihifadhi usiitumie kwa kahawa hata baada ya kuipaka chokaa.

Kampuni yetu ni ya vijana sita. Mteja wa Dar es Salaam anataka tuandike "endelevu" na "rafiki wa mazingira" kwenye pakiti. Tunaruhusiwa? Tunatakiwa kufanya nini hasa? (Kigoma)

Vijana, andikeni mnachoweza kukionyesha kwa karatasi. Neno "endelevu" peke yake halimwambii mnunuzi kitu, na mkaguzi akiuliza mmepimaje hamtakuwa na jibu. Afadhali pakiti iseme kijiji, chama cha msingi, msimu, tarehe ya kukaanga, na bei mliyolipa kwa kilo ya buni. Mteja anayejali atasoma hayo kwanza.

Kazi yenyewe ianze kwenye moto, kwa kuwa huo uko mikononi mwenu. Mkaa unaochomwa kwa tanuri la udongo la kienyeji hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo ya mkaa, na milima kuanzia Kigoma kuelekea Gombe, makazi ya sokwe yaliyo hifadhi ya taifa tangu 1968, imeshavuliwa miti mingi kwa mashamba na kuni. Gesi ni bora, na joto lake linashikika. Lakini gesi nayo hupotezwa. Mnaokaanga mizunguko miwili kila siku kwa siku sita mnapasha chuma moto mara sita. Kaangeni mizunguko sita siku mbili za wiki, mtapasha mara mbili kwa kahawa ile ile. Pimeni mtungi kabla na baada ya siku ya kukaanga, mgawe kwa kilo zilizotoka. Nambari hiyo ikipanda bila sababu, kichomeo kimeziba au bomba la moshi limejaa.

Bomba lisafishwe kila wiki, na kopo la makapi limwagwe kila siku. Makapi ni ile ngozi nyembamba inayobanduka punje zinapokaangwa, mepesi kama pamba, na hushika moto kwa cheche moja. Moto ukiwaka ndani ya pipa, zimeni gesi, fungeni hewa, pipa liendelee kuzunguka, na msifungue mlango wala kumwaga kahawa, kwa kuwa hewa mpya huulisha moto. Kizima moto cha unga kikae karibu na mlango wa kutokea, si nyuma ya mashine. Makapi yaliyopoa yachanganywe na samadi ya ng'ombe na majani makavu, yanakuwa mboji nzuri.

Kisha pandeni hadi kwenye mtambo wa kumenya. Maji ya kuoshea kahawa yana sukari na tindikali; yakiingia kijitoni huoza, hula hewa ya samaki, na vijito vya milimani huku mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Ulizeni mashimo ya maji machafu yako wapi, mwende mkayaone siku ya kumenya, si siku ya mkutano. Angalieni maganda mekundu yanatupwa wapi. Yakilundikwa kwa miezi michache yanarudi shambani kama mbolea. Ulizeni kama chama kinapata miche ya aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ambayo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, imekuwa ikiisambaza, kwa kuwa mkulima mwenye miche hiyo hanyunyizi dawa za ukungu mara nyingi kama mwenzake.

Mwisho ni bei, na hapa fanyeni hesabu kwa uwazi. Tuseme gunia la kilo 60 mmelinunua kwa shilingi 10,000 kwa kilo: 600,000. Mkiondoa uchafu wa asilimia 3 zinabaki kilo 58.2. Mkikaanga kwa upungufu wa asilimia 15 mnapata kilo 49.5, na kahawa peke yake imewagharimu shilingi 12,130 hivi kwa kilo. Mkizidisha moto, upungufu ukawa 19, zinabaki kilo 47.1, na kilo moja imefika 12,730 hivi. Tofauti ya shilingi 600 kwa kila kilo imetoka na moshi. Mkishika moto vizuri, pesa hiyo ipo, na sehemu yake inatosha kulipa nyongeza kwa kahawa iliyochambuliwa mara mbili mezani. Ilipeni nyongeza hiyo kwa chama mara tu sampuli inapopita, kabla ya msimu kufungwa, na stakabadhi yake mwihifadhi pamoja na namba ya gunia.